Laxton, kijiji kisicho na seng'enge

Jumatano

Nimeondoka Leicester, hapa Uingereza, saa nne asubuhi, nikabadilisha treni Nottingham, nikashuka Newark Castle, kituo kidogo karibu na mto Trent. Kutoka hapo ni teksi. Dereva aliponiuliza naenda Laxton kumtembelea nani, nikamwambia siendi kwa mtu, naenda kuona mashamba. Alinitazama kwenye kioo. "Novemba?"

Novemba ndiyo. Kilichonileta huku ni ugomvi wa nyumbani.

Familia yetu ina kihamba, shamba la nyumbani la Kichagga, mlimani, Moshi, na shamba la mahindi huko chini tambarare, ekari moja. Kihamba hakina shida, mpaka wake ni masale, na kwa Mchagga kung'oa sale ya mpaka ni jambo zito. Shamba la chini halina masale. Jirani analima kwa trekta ya kukodi, na trekta ikifika mwisho wa shamba lake inageuzia kwetu. Ikishageuzia, yeye anapanda mpaka pale tairi lilipofika. Hajawahi kutunyang'anya kitu siku moja ukasema leo nimeibiwa. Anakula mfuo mmoja kwa msimu. Agosti kaka yangu alikwenda kupima kwa hatua, kama alivyotufundisha baba: ekari ni hatua 70 kwa 70. Akapata 70 kwa 66. Mwenyekiti ameitwa, wazee wameitwa, soda zimenyweka, na shauri bado linapigwa kalenda.

Nilipomsimulia mwenzangu wa kazini, Mwingereza aliyekulia upande huu wa Nottinghamshire, hakushangaa. Akasema kipo kijiji ambako wakulima wenyewe hutoka mara moja kwa mwaka na vigingi kukagua nani kalima kwa mwenzake, na anayekutwa anapigwa faini. Nikadhani ananisimulia hadithi za zamani. Kumbe ni za kesho asubuhi.

Nimepata chumba mji wa jirani, Ollerton, na bado nimewahi kuzunguka Laxton kidogo kabla ya giza. Jua hapa mwishoni mwa mwezi huu linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo "kidogo" ni kidogo kweli. Kijiji chenyewe ni barabara moja yenye nyumba za matofali mekundu, kanisa, na baa iitwayo Dovecote. Nyumba nyingi zimekaa ubavu, ukuta wa pembeni ndio unaoitazama barabara, na nyuma ya kila nyumba kuna ua, mabanda, kisha kiwanja kirefu chembamba. Hapo nikaona kitu cha kwanza kinachofanana na kwetu: wakulima wanakaa kijijini pamoja, halafu wanatoka kwenda shamba. Sehemu kubwa ya Uingereza mkulima anakaa peke yake katikati ya ardhi yake, na jirani yake ni moshi wa bomba la nyumba upande wa pili wa bonde.

Viatu vyangu vya mjini vimekufa leo leo. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mwekundu, unashika kama ugali wa muhogo. Nimerudi Ollerton nikanunua gambuti.

Alhamisi

Leo ndiyo siku yenyewe.

Nieleze kwanza mashamba, maana bila hayo mengine hayaeleweki. Laxton ina mashamba makubwa matatu: West Field, Mill Field na South Field. Ukisimama pembeni ya moja huoni seng'enge, huoni ua wa miti, huoni ukuta. Unaona uwanda mmoja wa ngano. Lakini uwanda huo umegawanywa vipande virefu kama mikanda, na kila kipande kina mwenyewe. Mkulima mmoja ana vipande hapa, vingine kule, vingine ng'ambo ya kilima, vyote vimechanganyika na vya wenzake. Yaani shamba la kila mtu limo ndani ya shamba la wote.

Na hulimi unachotaka. Mashamba yanazungushwa: mwaka huu hili lina ngano ya kupandwa kabla ya baridi, lile lina zao la kupandwa baada ya baridi, kama shayiri au maharage, na la tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata yanabadilishana zamu. Ukikodi ardhi Laxton umekodi na utaratibu huo. Zamani karibu vijiji vyote vya katikati ya Uingereza vililima hivi. Sasa kimebaki hiki kimoja ambacho mfumo unaendeshwa na sheria zake.

Asubuhi watu walikusanyika baani. Wazee wa baraza wa kesi za nyumbani ninawajua, hukaa mahakamani na hakimu. Hawa wa Laxton ni kumi na wawili, wanaongozwa na mmoja wao, wote wakulima wa hapa hapa, na kikao chao kinakaa juu ya tela. Walipanda, trekta ikavuta, na sisi watazamaji tukafuata na tope letu. Kazi yao ni shamba moja tu, lile lililopandwa ngano mwaka huu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka ya upande, yale ambayo mwamvuli hauna la kuyafanyia.

Nilitarajia kuona kamba, futi, labda mashine ya kupimia kwa setilaiti. Hamna. Kiongozi wao anasimama mwisho wa kipande, anatafuta mfuo wa mpaka kwa jicho, mwingine anasimama ng'ambo. Wanabishana kidogo kwa sauti ya chini. Mmoja anasogeza kigingi kwa upana wa buti, wa pili anakirudisha kwa nusu yake, kisha nyundo inashuka. Kigingi kimekaa. Kwa kazi hiyo sisi humwita mpima, tukamlipa, akafukia bikoni ya zege, na bado mwaka unaofuata bikoni inakutwa imehamia kwa jirani kama ina miguu.

Ngano ilikuwa ndogo, kidole kimoja juu ya udongo, na kwenye mpaka ungeweza kuona mistari ya mbegu ya huyu inapoishia na ya yule inapoanzia, kama mshono wa nguo. Nilichuchumaa nikatazama. Pale pale kigingi kilipoingia, mistari mitatu ya kijani ilikuwa upande usio wake.

Hakuna aliyepaza sauti. Mtu aliandika.

Wanakagua na vitu vingine: kama mitaro imezibuliwa, kama kuna aliyelima akaingia kwenye njia ya wote, na kama kuna aliyegusa nyasi. Nyasi hizi zina habari yake. Katikati ya mashamba kuna vipande visivyolimwa kabisa, kwenye mabonde yenye maji na kwenye miteremko mikali, wanaviita sykes. Ni vya wote. Nyasi zake hunadiwa kila kiangazi pale pale baani, anayeshinda anakata majani makavu ya mifugo. Kwa hiyo ukichokonoa nyasi kwa plau hujamwibia jirani mmoja, umeiba kwa kijiji kizima, na kijiji kizima kimekaa juu ya tela kinakutazama.

Saa ya kupumzika nilimsogelea mkulima mmoja mwenye umri wa baba yangu, nikamwamkia, nikamweleza habari ya trekta ya jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengine hawakunifanyia nyumbani. Akaniuliza swali moja: "Mmemwachia mahali pa kugeuzia?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha kwa fimbo mwisho wa vipande, panapobaki nafasi ya jembe kugeuka bila kumwingilia mtu. Plau ya ng'ombe ilikuwa ndefu kuliko trekta ya sasa, akasema, na ng'ombe wanane hawageuki kwenye sahani.

Kuhusu ng'ombe hao kuna jambo lilinifanya nisahau baridi. Urefu wa mfuo ambao timu ya ng'ombe iliweza kuvuta kabla ya kupumzika ndio uliozaa kipimo cha furlong, yadi 220, na jina lenyewe maana yake ni urefu wa mfuo. Ukichukua urefu huo na upana wa yadi 22, unapata kazi ya siku moja ya ng'ombe. Hiyo ndiyo ekari. Zidisha utapata yadi za mraba 4,840, na yadi ni karibu hatua moja. Sasa zidisha hatua 70 kwa 70 za baba: 4,900. Nilipiga hesabu hiyo kwenye simu mara mbili, vidole vimekufa ganzi. Miaka yote tumekuwa tukigombana Moshi kwa kipimo cha ng'ombe wa hawa watu.

Ijumaa

Mvua ya kweli. Nimekaa kwenye chumba kidogo cha maonyesho kando ya baa, nikitazama nakala ya ramani.

Ramani hii ilichorwa mwaka 1635 na mpima aitwaye Mark Pierce, na ya asili imehifadhiwa Oxford, maktaba ya Bodleian. Kila kipande kimo, zaidi ya elfu mbili, kila kimoja na mwenyewe. Na Pierce hakuridhika na mistari. Kachora watu wanaolima, wanaovuna, wanaowinda, na wanyama wakila majani. Ukiisogelea sana unaona plau yenyewe na ng'ombe wake, wadogo kama mchwa, wakiwa kazini karne nne sasa.

Aliyeiagiza ni Sir William Courten, tajiri wa London aliyekuwa amenunua ardhi ya Laxton. Jina lake lilinikamata. Mtu huyu fedha zake ndizo zilizopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Na mwaka huo huo wa ramani, 1635, mfalme Charles I alimpa kibali cha kufanya biashara Bahari ya Hindi, kwenda pwani ya Malabar huko India na mbele mpaka China, kwa kuipita kampuni iliyokuwa na haki hiyo. Alikufa mwaka uliofuata. Waliomrithi biashara wakajaribu kuweka makazi Madagaska miaka ya 1640, yakashindwa vibaya. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua kila mfuo wa mkulima wa Laxton ni yule yule aliyekuwa akiinyooshea mkono bahari yetu. Simlaumu Pierce, ramani yake ni nzuri. Ila najua kwa nini tajiri huchora ramani.

Jioni mvua ilipungua nikapanda ngome. Usitarajie mawe. Ni vilima vya udongo upande wa kaskazini wa kijiji, vimeota nyasi, na kondoo ndio walinzi. Kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, Laxton ilishikwa na mtu aitwaye Tochi. Kwenye kitabu cha hesabu ya mali alichoagiza mfalme William, cha mwaka 1086, ardhi ya Tochi ipo mikononi mwa Mnormani, Geoffrey Alselin. Hakuna kigingi kilichosogezwa usiku. Mtu alikuja na farasi. Baadaye mabwana wa ngome hii, ukoo wa de Caux kisha wa Everingham, ndio walikuwa walinzi wa msitu wa mfalme wa Sherwood, ule wa hadithi za Robin Hood, na mwenye mamlaka ya msitu alikuwa mtu wa kuogopwa.

Kanisani nimewakuta akina Everingham wamelala. Sanamu za mawe, mabwana na mikono yao imekunjwa kifuani, na mmoja wa mbao. Ni mwanamke, kachongwa kwa mti wa mwaloni, uso umelika na karne. Nilimgusa mkono, sijui kama inaruhusiwa. Mbao ilikuwa ya baridi kidogo kuliko mkono wangu, jiwe la jirani yake lilikuwa barafu.

Jumamosi

Nimezunguka South Field peke yangu na kurudi Leicester jioni. Njiani kijijini nimeliona zizi la mifugo iliyokamatwa, hivi ndivyo ninavyoliita: mahali walipofungiwa ng'ombe na kondoo waliokutwa wakila mazao ya watu, mpaka mwenyewe alipe. Kwa yeyote aliyewahi kusikia mkulima na mfugaji wakigombana Kilosa, hahitaji maelezo zaidi.

Kwenye treni nimewaza kwa nini kimebaki hiki tu. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na malisho ya wote, ekari milioni 6.8, zaidi ya sehemu moja ya tano ya England. Mkulima mdogo aliyekuwa na vipande vitatu na haki ya kulisha ng'ombe mmoja alijikuta ana karatasi na gharama ya kujenga ua, akauza. Wengi wao ndio waliojaza viwanda. Miti ya miiba inayopendeza kwenye kadi za posta za Uingereza ilipandwa kwa namna hiyo.

Laxton haikuokolewa na hekima ya mtu. Wamiliki wakubwa wawili wa ardhi hawakuelewana jinsi ya kugawana, mwaka baada ya mwaka, mpaka bei ya mazao ikaanguka na kugawana kukakosa faida. Sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua hata hivyo, na mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa vikawa vichache na vipana. Mwaka 1952 ukoo wa Manvers, mmoja wa wamiliki hao, uliuza kwa Wizara ya Kilimo ili mfumo usife, mwaka 1981 ikaenda kwa shirika la ardhi ya Ufalme, na mwaka 2020 ikarudi kwa Thoresby, nyumba ile ile ya akina Manvers. Ugomvi uliokaa muda mrefu bila kuamuliwa ukahifadhi kijiji. Kaka yangu nilipomwambia hilo alisema kwetu hautahifadhi kitu.

Alhamisi, wiki moja baadaye

Nimeomba ruhusa kazini, nimerudi kwa ajili ya baraza lenyewe, lile linalotoza faini.

Linakaa baani, Dovecote. Msimamizi wa baraza, mtu wa sheria, yuko mezani na karatasi zake. Wakulima wamevaa koti na tai, gambuti zimebaki nje mlangoni zimepangana. Anayepita nyuma yangu kabeba sahani mbili za chipsi, na mahakama inaendelea. Usidhani ni maigizo ya watalii. Mwaka 1977 Bunge lilipofuta nguvu za kisheria za mabaraza ya namna hii nchi nzima, la Laxton liliachwa na nguvu zake.

Majina yanaitwa. Taarifa ya ukaguzi inasomwa: fulani amelima akaingia njia ya wote, fulani hajazibua mtaro. Faini zenyewe ni paundi chache, hazifiki bei ya kunijazia mafuta ya gari. Lakini nilimtazama mmoja jina lake liliposomwa. Mzee wa watu, mabega mapana. Shingo yake ilipanda rangi taratibu kutoka kwenye kola mpaka masikioni. Alitoa pesa mfukoni bila kusubiri chenji, wenzake wakacheka kidogo, na yeye akacheka mwisho. Kiasi kile kule kwetu tungekiita pesa ya vocha. Ila anayekutoza ni mtu utakayekutana naye kesho shambani, na keshokutwa, na mwakani zamu ya kukagua inaweza kuwa yako. Kisha wazee wapya wa ukaguzi wakaapishwa kwa Biblia, kwa ajili ya shamba la mwaka ujao, na kikao kikafungwa.

Nilikuwa nimemtumia kaka picha za vigingi tangu wiki iliyopita, pamoja na swali la yule mkulima: je, tumemwachia mahali pa kugeuzia? Alikaa kimya siku tatu. Leo, nikiwa bado nimekaa baani, ujumbe wake wa sauti ukaingia. Amekwenda kwa jirani mwenyewe, bila mwenyekiti. Wametembea mpaka wote wawili. Wamekubaliana paachwe hatua nne za nyasi kati ya mashamba, mbili huku mbili kule, trekta yoyote igeuzie hapo, na pembeni kaka atapanda masale, kila upande. Tumebaki hatua 68. Nimehesabu, tumepoteza mbili. Amesema najua kuhesabu, usinifundishe.

Ila kumezuka jambo jipya, anasema. Jirani ana mbuzi, sisi tuna ng'ombe wa maziwa. Zile nyasi za katikati atakata nani?

Nikamjibu kwamba huku hunadiwa, kila kiangazi, baani.

"Basi aje na pesa," akasema. "Na soda anunue yeye."